Hanna HI772 kwenye tangi la matumbawe: amini mwelekeo, usiamini tarakimu moja

Hiki ni kimashine kinachoenea kiganjani, kinatumia betri moja ya AAA, na kazi yake ni moja tu: kusoma alkaliniti ya maji ya chumvi, yaani uwezo wake wa kuzimua asidi unaotokana hasa na bikaboneti, kwa kizio kiitwacho dKH. Hakipimi kalsiamu, hakipimi pH, hakihitaji simu. Kwa anayefuga matumbawe magumu nyumbani, ningekipa nafasi kabla ya taa ya kifahari na kabla ya vidhibiti vya kila namna. Lakini wengi wanaokilalamikia, na wengi wanaokisifu pia, wanakitumia vibaya kwa namna ileile: wanapima mara moja, wanaona tarakimu, wanakimbilia kuongeza au kupunguza dozi ya kemikali za kurudisha alkaliniti. Kimashine hiki hakikutengenezwa kwa matumizi hayo, na takwimu zake zenyewe zinasema hivyo.

Kwa nini kupima alkaliniti kwanza

Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti. Kila linapojenga, huchota vitu viwili majini kwa uwiano usiobadilika: kila 20 ppm (sehemu kwa milioni) za kalsiamu huondoka pamoja na 2.8 dKH za alkaliniti. Sasa tazama akiba iliyopo. Tuseme tangi lina kalsiamu 420 ppm na alkaliniti 8 dKH, na matumbawe yanakula 1.4 dKH kwa siku. Kalsiamu itashuka 10 ppm, yaani kama asilimia 2.4 ya iliyokuwepo, na vipimo vingi vya nyumbani havitaona mabadiliko hayo. Alkaliniti, kwa siku hiyohiyo, imeshuka asilimia 17.5. Siku tatu bila dozi na uko chini ya 4. Kalsiamu ni ghala, alkaliniti ni mfuko wa shati.

Ndiyo maana kalsiamu inaweza kupimwa mara moja kwa wiki na magnesiamu mara moja kwa mwezi, lakini alkaliniti inataka kupimwa mara tatu kwa wiki angalau, na kila siku katika wiki mbili za mwanzo baada ya kubadilisha dozi. Kipimo kinachochosha hakitatumika mara nyingi hivyo. Hiki kinamaliza kazi ndani ya dakika mbili, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Maji ya bahari ya asili yana alkaliniti ya karibu 6.5 hadi 7 dKH, kalsiamu kama 410 hadi 420 ppm, magnesiamu kama 1280 hadi 1300 ppm, kwa chumvi ya 35 kwa elfu. Matangi ya nyumbani huendeshwa popote kati ya 7 na 9 dKH na matumbawe yakastawi. Kisichostahimilika ni kuyumba. Tangi linalokaa 7.5 mwaka mzima litakuwa na rangi na ukuaji mzuri kuliko lile linalopanda hadi 9.5 Jumatatu na kushuka hadi 7 Ijumaa.

Kinavyofanya kazi

Ndani ya kitendanishi, kile kimiminika cha kupimia, kuna asidi na rangi ya kiashirio. Ukichanganya mililita 1 ya kitendanishi na mililita 10 za maji ya tangi, asidi inapambana na alkaliniti iliyomo, na pH inayobaki ndiyo inayoamua rangi: njano alkaliniti ikiwa ndogo, kijani kisha buluu ya kijani ikiwa kubwa. Taa ya LED ya nanomita 610 inapita kwenye kichupa cha kioo chenye mchanganyiko huo, na kihisi upande wa pili kinasoma mwanga kiasi gani umemezwa. Jicho lako halina kazi hapa. Asiyetofautisha rangi vizuri, au anayepima usiku chini ya taa za buluu, anapata jibu sawa na mwenzake.

Kuelewa hivi kunakupa mambo matatu ya kuyalinda: kiasi cha maji, kiasi cha kitendanishi, na usafi wa njia ya mwanga. Karibu kila usomaji wa ajabu unatokana na kimojawapo.

Takwimu zake, na maana yake halisi

Masafa ni 0 hadi 20 dKH, kinasoma kwa hatua ya 0.1, na usahihi unaotajwa na mtengenezaji ni ±0.3 dKH jumlisha ±5% ya usomaji kwa joto la nyuzi 25. Fanya hesabu: skrini ikionyesha 8.0, asilimia 5 ni 0.4, ongeza 0.3, jumla 0.7. Ukweli unaweza kuwa popote kati ya 7.3 na 8.7.

Wengi wakisikia hivyo wanataka kukitupa. Wasifanye haraka. Usahihi na kurudiarudia ni vitu viwili. Kimashine kimoja, chupa moja ya kitendanishi, kichupa kilekile na mkono uleule vikipima maji yaleyale mara nne mfululizo, majibu yanapaswa kukaa ndani ya 0.2 hivi. Kosa kubwa lililobaki ni lile lisilohama: kama kinasoma juu kwa 0.4 leo, kitasoma juu kwa 0.4 kesho. Tangi halijali kama unaliita 8.0 au 8.4. Linajali kama jana na leo ni sawa. Kwa hiyo lengo lako liandike kwa lugha ya kimashine chako: "changu kinakaa 8.2", na ulinde hiyo 8.2.

Hapo pia ndipo linapojibiwa swali la kulinganisha na mtu mwingine. Yeye anasoma 8.9 kwa kipimo chake, wewe 8.2 kwa chako, na huenda maji yenu yako sawa kabisa.

Hatua za kupima, pamoja na mahali mikono inapoteleza

Chukua maji sehemu yenye mkondo, mbali na bomba la dozi, na kila mara saa ileile. Alkaliniti hupanda na kushuka ndani ya siku kufuatana na ratiba ya dozi na mwanga. Ukipima asubuhi leo na usiku kesho, unalinganisha saa, hulinganishi siku. Yaache maji yafikie joto la chumba kama chumba kina baridi au joto kali.

Suuza kichupa mara mbili kwa maji ya tangi. Kisha usimimine hadi mstari wa mililita 10 kwa macho. Tumia bomba la sindano la mililita 10. Ukikadiria kwa mstari, uso wa maji una mbonyeo, na tofauti ya nusu mililita ni rahisi mno kutokea. Nusu mililita ni asilimia 5 ya sampuli, na kwa kuwa asidi ni ileile, maji pungufu yanaleta usomaji wa chini kwa takriban uwiano huo. Kwa 8 dKH hiyo ni 0.4. Umepoteza nusu ya uaminifu wa kimashine kabla hujabonyeza kitufe.

Funika, futa kichupa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na ukishike kwa kifuniko tangu hapo. Alama ya kidole cha mafuta au tone la maji kwenye kioo vinameza mwanga. Kibonyeze kitufe, skrini itaomba C1. Weka kichupa, funga mlango, bonyeza. Hapo kimesoma maji yako kama yalivyo na kuyahesabu kuwa sifuri, ndiyo maana umanjano kidogo wa maji ya tangi hauharibu jibu. Kitaomba C2.

Toa kichupa, sasa vuta kitendanishi. Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko kwingine kote. Bomba la sindano la mililita 1 huacha kiputo cha hewa chini ya mpira. Kiputo hicho si tatizo kikibaki palepale mwanzo na mwisho, kwa sababu kinachohesabika ni umbali mpira ulioenda. Tatizo ni viputo vilivyokaa ndani ya kitendanishi chenyewe: kiputo cha 0.05 ml ni asilimia 5 ya asidi iliyokosekana. Vuta polepole, sukuma urudishe chupani, vuta tena, kisha soma mstari kwa usawa wa jicho. Tone lililoning'inia kwenye ncha ligusishe ukutani mwa kichupa. Usiliache lirudi na bomba.

Funika na ukigeuze juu chini mara tano kwa upole. Usitikise kama unachanganya dawa ya kikohozi. Sababu ziko mbili. Viputo vidogo vitashika kioo na kutawanya mwanga. Na pili, asidi imegeuza bikaboneti kuwa kaboni dioksidi iliyojaa kwenye maji. Ukitikisa kwa nguvu au ukiacha kichupa kikae, gesi hiyo inatoroka, pH inapanda, na usomaji unapanda pamoja nayo. Kwa hiyo geuza, futa, rudisha, bonyeza, bila kupitia jikoni. Muda kati ya kitendanishi na kubonyeza uwe uleule kila mara.

Ukimaliza, mwaga na usuuze mara tatu kwa maji yaliyoondolewa madini, ukaushe kichwa chini. Mabaki ya kitendanishi ni asidi na yatashusha kipimo kijacho. Mabaki ya maji ya chumvi yatakauka na kuacha ukungu. Ukiuona, loweka kichupa kwenye siki kwa robo saa na usuuze hadi harufu iishe. Kichupa chenye mkwaruzo kistaafishwe. Na weka alama moja ya kalamu kwenye shingo ya kichupa ili kila mara kiingie kwa upande uleule. Kioo hakina unene sawa pande zote.

Skrini ikikuonyesha kuwa mwanga umezidi au umepungua, mara nyingi mlango haujafunga vizuri au kichupa ni kichafu. Ikiwakawaka 20.0, usomaji umevuka masafa ya kimashine.

Kuhakiki bila kumtegemea mtu

Vipo vichupa vya kuhakiki vilivyofungwa kiwandani. Vinafaa, ila vinachohakiki ni taa na kihisi tu. Havikuambii lolote kuhusu kitendanishi kilichozeeka wala kuhusu mkono wako, na makosa mengi yako huko.

Njia ambayo ningeipendekeza zaidi ni ya kuongeza kiasi kinachojulikana. Pima gramu 3.00 za sodiamu bikaboneti safi, ile soda ya kuokea isiyo na mchanganyiko mwingine, kwa mizani ya hatua ya 0.01. Yeyusha kwenye maji yaliyoondolewa madini na ujaze hadi lita 1 kamili. Huo ni myeyusho wa 100 dKH. Chukua mililita 980 za maji ya tangi, pima, tuseme yanasoma 8.0. Ongeza mililita 20 za myeyusho, koroga taratibu, pima tena. Maji ya tangi yamepunguzwa makali hadi 7.84, myeyusho umeleta 2.0, jumla itarajiwe 9.8. Ukipata kati ya 9.6 na 10.1, kimashine na mkono wako vinasoma tofauti vizuri, na tofauti ndiyo unayoihitaji.

Usijaribu kupima soda iliyoyeyushwa kwenye maji matupu ukitarajia jibu kamili. Kipimo hiki kimepangwa kwa maji ya bahari, na chumvi inabadilisha tabia ya kiashirio. Maji matamu yanaweza kukupa jibu lililohama ukadhani kimashine kimeharibika.

Kabla ya kulaumu alkaliniti, angalia chumvi. Chumvi ikishuka kutoka 35 hadi 33 kwa sababu ya kujaza maji mengi, alkaliniti ya 8.0 inakuwa 7.5 bila tumbawe lolote kula chochote. Refraktomita, kifaa cha kupima chumvi kwa mwanga, isawazishwe kwa myeyusho wa 35, si kwa maji matupu peke yake. Wa nyumbani unatengenezwa kwa gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani na gramu 963.5 za maji. Ni wa refraktomita tu, usiutumie kwa kipimo cha chumvi kinachopima upitishaji wa umeme.

Kutoka kwenye usomaji hadi kwenye dozi

Kipimo kisichozaa dozi sahihi ni mapambo. Kazi yake ya kwanza ni kupata ulaji wa tangi. Simamisha dozi, pima leo, pima baada ya saa 48 kamili. Ukisoma 8.4 kisha 7.2, ulaji ni 0.6 kwa siku. Saa 24 hazitoshi, kwa sababu tofauti ya 0.6 iko karibu mno na kuyumba kwa kipimo chenyewe. Siku mbili zinakupa ishara kubwa kuliko kelele. Tangi lenye matumbawe mengi linalokula zaidi ya 1.5 kwa siku, ishia saa 24, usiliumize kwa ajili ya hesabu.

Kisha ujue ujazo halisi wa maji. Tangi la lita 250 likishawekwa mawe na mchanga huenda lina lita 200. Kosa la hapa linaingia kwenye kila dozi utakayotoa.

Myeyusho wa sehemu mbili ambao umetumika kwa miaka mingi, uliochapishwa na mwanakemia Randy Holmes-Farley, unatengenezeka hivi kwa lita moja. Upande wa alkaliniti: gramu 157 za sodiamu bikaboneti, zitandazwe kwenye trei na kuokwa nyuzi 150 kwa saa moja, ziyeyushwe na kujazwa hadi lita 1. Zikiiva zinakuwa sodiamu kaboneti na uzito unashuka hadi kama gramu 99. Zikitoka na gramu 120 zirudishe ndani. Upande wa kalsiamu: gramu 132 za kalsiamu kloridi yenye molekuli mbili za maji, hadi lita 1. Unga uingie kwenye maji, si maji kwenye unga, maana unatoa joto kali. Kama ulicho nacho ni kalsiamu kloridi kavu isiyo na maji, gramu 100 zinatosha.

Mililita moja ya upande wa alkaliniti ina karibu 1.87 meq (miliekwivalenti, kizio kingine cha alkaliniti; 0.357 kwa lita ni 1 dKH). Tangi letu la lita 200 linalokula 0.6 kwa siku linahitaji mililita 23 kwa siku, na mililita 23 zilezile za upande wa kalsiamu. Uwiano wa sawa kwa sawa si bahati. Ni ule uwiano wa mifupa ya tumbawe uliotajwa mwanzo. Hapa ndipo kipimo kimoja cha alkaliniti kinapoongoza chupa mbili.

Kama pH ya tangi inafika 8.4 au 8.5 mchana, usioke soda. Ila bikaboneti haiyeyuki sana, kwa hiyo tumia gramu 78 kwa lita na uongeze mililita maradufu. Kama pH inakaa 7.8 au 7.9, iliyookwa ndiyo yako.

Dozi igawanywe. Pampu yenye vichwa viwili itoe mara 12 kwa siku, alkaliniti na kalsiamu zikipishana kwa nusu saa au zaidi na zikidondokea sehemu tofauti zenye mkondo mkali. Zikikutana zikiwa nzito utaona ukungu mweupe: hiyo ni kalsiamu kaboneti imeganda nje ya mifupa, imepotea, na itakaa kwenye hita na pampu zako. Bomba la kutolea liwe juu ya maji, lisizame. Likizama linaziba kwa ukoko, na chombo kikiwa juu kuliko tangi linaweza kufyonza lenyewe hadi chombo kiishe. Ndiyo maana si busara kuunganisha chombo cha lita 5 kwenye tangi la lita 200. Weka kiasi ambacho kikimwagika chote usiku mmoja hakitaua kitu: mililita 150 zinapandisha tangi hilo kwa karibu dKH 4, na tayari huo ni mshtuko mkubwa. Kujaza kila wiki ni usumbufu mdogo.

Marekebisho yawe ya asilimia 10 kwa wakati, na yafuate vipimo vitatu vinavyokwenda upande mmoja. 8.2, 8.0, 8.3 si habari. 8.2, 8.0, 7.8 ni habari. Ukihitaji kupandisha tangi lililoshuka, nusu dKH kwa siku inatosha. Zaidi ya 1 kwa siku ni kutafuta ncha zilizoungua kwenye Acropora, matumbawe magumu ya matawi, hasa kama naitreti na fosfeti ziko karibu na sifuri.

Namba zinaposema kitu kingine

Alkaliniti ikipanda bila dozi kubadilika, usifurahie. Mara nyingi matumbawe yamepunguza kujenga: chumvi imehama, joto limeruka, fosfeti imeisha, au kuna tumbawe linakufa nyuma ya jiwe. Punguza dozi ili isizidi kupanda, lakini tafuta sababu siku hiyohiyo.

Ikishuka ghafla, anza na pampu: pima kwa kutoa mililita 100 kwenye silinda ya kupimia. Mirija ya pampu hulegea kwa kubanwa na kutoa pungufu, kwa hiyo sawazisha kila mwezi na ubadilishe mirija inapoanza kukengeuka. Pampu ikiwa nzima, angalia magnesiamu. Ikiwa chini ya 1200 ppm, kaboneti inaganda ovyo kwenye sehemu zenye joto na hutaweza kushikilia alkaliniti wala kalsiamu hata ukimimina ndoo. Gramu 8.4 za magnesiamu kloridi yenye molekuli sita za maji huongeza 10 ppm kwenye lita 100.

Jambo linalosahaulika ni mabaki ya chumvi. Kila sehemu mbili zikishatumika, kinachobaki ni chumvi ya mezani. Tangi la lita 200 linalokula 1 dKH kwa siku hupata gramu 125 za chumvi kwa mwezi, yaani zaidi ya nusu ya sehemu kwa elfu. Maji ya kubadilishia yanaondoa sehemu tu ya ongezeko hilo; asiyeyabadilisha atashangaa chumvi inapanda bila kuguswa.

Kinachonikera, na nani asinunue

Chupa ya kitendanishi ni ya vipimo 25. Anayepima kila siku anaimaliza kabla ya mwezi, na huwezi kutumia kitendanishi cha kipimo kingine. Chupa moja na nyingine pia hazilingani kabisa: toleo jipya linaweza kuhamisha usomaji kwa 0.2 au 0.3, na mtu akabadilisha dozi kwa tatizo ambalo halipo. Usisubiri chupa iishe. Ikibakiwa na vipimo vitatu, fungua mpya, pima maji yaleyale kwa zote mbili, andika tofauti kwenye daftari, na uhamishe lengo lako kwa kiasi hicho.

Ndugu yake HI755 anatumia kemia hiyohiyo ila anasoma kwa ppm, hadi 300. Gawa kwa 17.9 upate dKH. Kwa kuwa hatua yake ni 1 ppm, sawa na 0.06 dKH hivi, unaona mabadiliko madogo kidogo zaidi, lakini si sahihi zaidi. Wanaopenda kufuatilia mwelekeo kwa grafu wanaweza kumpendelea. Wengine wakae na HI772 waepuke kugawa.

Kutoka ukoo huohuo, kipimo cha kalsiamu HI758 sikiungi mkono vilevile. Kinatumia 0.1 ml tu za maji ya tangi zikichanganywa na maji safi. Tofauti isiyoonekana kwa jicho kwenye bomba la sindano inageuka makumi ya ppm kwenye skrini. Kwa kalsiamu na magnesiamu, kipimo cha matone na bomba la sindano kinatosha na kinatulia zaidi.

Mwenye tangi la matumbawe laini tu, linalokula 0.1 kwa siku na kubadilishwa maji kila wiki, hana haja na kimashine hiki. Kipimo cha matone kinamtosha mara moja kwa wiki mbili, hata kile ambacho tone moja ni dKH 1 nzima. Mwenye tangi jipya lenye mawe makavu na tumbawe mbili ndogo anaweza kusubiri miezi kadhaa. Kinaanza kulipa pale ulaji unapofika 0.3 kwa siku, kwa sababu hapo wiki moja ya kupuuza ni dKH 2.

Mwisho, hifadhi. Kitendanishi kikae kabatini penye giza na ubaridi wa kawaida, kifuniko kikiwa kimekazwa, mbali na chumba cha vifaa chini ya tangi ambako kuna joto na unyevu wa chumvi. Kimashine nacho kisikae huko. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa kwa kalamu ya wino mzito, na ukiona kitendanishi kimebadilika rangi au usomaji umeanza kuruka kwa zaidi ya 0.3 katika vipimo viwili vya maji yaleyale, kimwage hata kama kimebaki nusu.